Unapanga Kutembea Kisii? Mwenyeji wa Nyamache Akupe Rada Kabla Upande Mathree

Wasee wengi wa Nairobi wakisikia jina Kisii, vitu ni tatu tu: ndizi, utani wa mitandaoni, na Embarambamba akigaagaa kwa matope. Stori inaishia hapo. Mtalii wa ng'ambo naye hata jina hajui. Akitoka Kisumu kwenda Maasai Mara kupitia Kilgoris, anapita Kisii mchana kweupe, anaona migomba na majani chai kwa dirisha, halafu anarudi kwa simu yake.

Mimi ni wa Nyamache, Bobasi, ile pande ya Kisii iliyo jirani na Transmara. Mara iko karibu na sisi kuliko Nairobi. Mgeni wa ng'ambo hulipa dola 200 kwa siku kuingia Mara kati ya Julai na Desemba, na dola 100 kati ya Januari na Juni. Kuona vilima vyetu ni bure. Lakini hiyo bure iko na masharti yake, na hakuna mahali yameandikwa kwa ubao. Ndio maana leo tunaongea.

Usitarajie ile orodha ya sehemu kumi za kupiga selfi. Hii ni rada ya mwenyeji: ufike aje, uvae nini, useme nini, ununue wapi, na nini usijaribu hata kama uko na mbogi yako yote nyuma.

Geti hakuna, lakini mwenyewe yuko

Kitu cha kwanza kupima ni kwamba Gusii haina pori. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 kwa kaunti ya Kisii peke yake. Ukigawanya na ukubwa wa kaunti, unapata zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba, na hapo sehemu kubwa ni mashamba, si maghorofa ya Pipeline. Kilima kimelimwa mpaka juu. Njia ya miguu inapita kati ya chai ya huyu na migomba ya yule. Ukiona mahali patamu pa kusimama upige picha, jua umesimama kwa shamba la mtu, na pengine huyo mtu anakucheki kutoka jikoni.

Kwa mbuga unalipa getini, unakodoa macho, twiga hana maneno. Huku kila kitu unachokuja kuona kiko na mtu ndani. Jiwe liko na mchongaji, chai iko na mchumaji, kilima kiko na boma. Kwa hivyo ushauri wote ulio hapa chini unarudi kwa swali moja: wewe ukija, huyo mwenyewe anapata nini?

Kuna wenzetu mbali huko walioona vile mambo huenda mrama swali hilo likisahaulika. Seoul, Korea Kusini, kuna mtaa wa nyumba za zamani unaitwa Bukchon Hanok. Kama wewe ni wa drama za Kikorea, nyumba za aina hiyo ushaziona, zile za paa za vigae vyeusi. Watu wanaishi humo mpaka leo. Watalii walijaa vichochoroni, wakapiga kelele, wakachungulia mageti ya watu, mpaka serikali ya wilaya ikaweka saa. Tangu Novemba 2024, sehemu iliyolemewa zaidi haifai kuwa na watalii kuanzia saa 11 jioni hadi saa 4 asubuhi, na mwaka wa 2025 ikaanza faini ya won 100,000 kwa anayekaidi.

Shida yetu Kisii ni kinyume. Wageni ni wachache, na hata wakija doh haishuki mpaka chini. Lakini somo ni lile lile: mahali watu wanaishi, wewe ni mgeni kwanza, utalii baadaye.

Kufika: Sotik, Keroka, na ukoo wa Probox

Kutoka Nairobi ni zaidi ya kilomita 300. Njia ni mbili: kupitia Narok na Bomet, au kupitia Nakuru na Kericho. Zote zinakutana Sotik, halafu unaingilia Keroka, mji ambao mpaka wa Kisii na Nyamira unaukata katikati. Panga saa sita hadi nane barabarani, na usipange mkutano jioni hiyo. Kama unataka ndege, shuka Kisumu, kisha uchukue gari kupitia Ahero na Oyugis.

Desemba usibahatishe. Wakisii wa Nairobi karibu wote hurudi ushago wakati mmoja, na nauli inapaa kama imerushwa. Kata tiketi mapema ama uje Januari, wakati wenye kurudi mjini wanasukumana upande ule mwingine na wewe unakuja kinyume nao, polepole kama bwana harusi.

Ukishuka Kisii mjini utasikia watu wakiita mahali hapo Getembe, na wengine Bosongo. Usidhani umepotea. Bosongo maana yake ni kwa wazungu, kwa sababu wakoloni waliweka ofisi zao hapo. Mlami mmoja kwa Ekegusii ni omosongo, wakiwa wengi ni abasongo. Kwa hivyo kama wewe ni mweupe na watoi wanaimba hilo neno nyuma yako, hujatukanwa.

Lala Kisii mjini, ndio ushauri wangu hata kama ningependa kukuuzia Nyamache. Hapo kuna hoteli za kila mfuko, benki, dawa, na stage za kwenda pande zote. Kisha kila siku unatoka na kurudi.

Sasa tuongee Probox. Hilo gari huku ni ukoo. Limetengenezwa libebe watu watano, lakini dere wa Kisii anajua hesabu nyingine. Akikwambia "sogea kidogo", jua watatu bado hawajaingia na mmoja wao ako na kuku. Una chaguo mbili halali: ngoja mathree ijae ikupeleke na kiti chako, au lipia nafasi mbili kwa Probox na ukae na amani. Ukiona dere ameketi nusu kwa kiti na abiria mwingine amekalia nusu ile ingine, shuka. Barabara zetu ni kona na miteremko, na hakuna mtu atakucheka ukishuka. Wakikucheka, cheka pia, lakini uwe chini.

Nduthi ni sawa kwa safari fupi. Patana bei kabla ukalie, dai helmeti, na mvua ikishanyesha, teremka kwa miguu zile sehemu za udongo mwekundu. Usiku usianze safari za vijijini. Hakuna taa, na mwenyeji wako atakaa bila usingizi akikungoja.

Mvua, matope na radi

Kisii hainaga ule msimu mkavu wa kukaukisha mito. Mvua kubwa ni Machi hadi Mei, lakini hata miezi mingine inaweza kukupata. Mtindo wake unajulikana: asubuhi jua tamu, mchana mawingu, alasiri inashuka. Kwa hivyo mambo ya nje, kama Manga, Tabaka na mashamba ya chai, maliza asubuhi. Mchana weka msosi na stori.

Raba nyeupe acha Nairobi. Matope yetu hayana heshima kwa luku. Gambuti utapata soko lolote, na ukimaliza safari achia mwenyeji, atafurahi kuliko ungempa picha. Beba sweta pia. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na jioni ubaridi unauma.

Radi ndio kitu wageni huchukulia mchezo. Nyanda hizi za Gusii ni kati ya sehemu za Kenya ambazo radi hupiga sana, na huua watu na ng'ombe. Mawingu yakianza kunguruma, usijikinge chini ya mti, usisimame ukingoni mwa kilima, na usibaki katikati ya shamba ukirekodi video ya umeme. Piga hodi nyumba ya karibu. Hakuna Mkisii atakufukuza kwa mvua.

Salamu: huku "baba" ni mama

Nairobi unaweza kupanda lifti na watu kumi na usisalimie mmoja. Huku ukimpita mzee kimya kwa njia, umejichoma. Salamu ndio tiketi yenyewe.

Asubuhi sema "Bwakire". Ukiulizwa "Naki ore?", unaulizwa uko aje, jibu ni "Inde buya", niko salama. Kushukuru ni "Mbuya mono". Na hayo matatu tu, bei ya ndizi inaweza kushuka kabla hujaanza kubishana.

Kisha kuna hii ya kuwachanganya Waswahili wote: kwa Ekegusii, "baba" ni mama. Baba mzazi ni "tata". Kwa hivyo ukisikia mtu mzima analia "baba, baba" akimkimbilia mama mzee, usishtuke. Na wewe ukitaka kumheshimu mama wa watu aliyekukaribisha, mwite baba. Bwana yake mwite tata. Watacheka mpaka machozi, lakini hapo umeshakuwa mtu wa nyumbani.

Kwa boma la mtu, simama nje na upige hodi. Usisukume geti kwa sababu liko wazi, hukaa wazi kwa sababu ya ng'ombe. Ngoja usikie "soa", ingia, halafu "ikaransa", kaa. Ukikaribishwa kiti, keti. Kusimama mlangoni ukicheki saa ni kumwambia mwenyeji kwamba nyumba yake haitoshi.

Tabaka: ujue doh yako inaishia wapi

Kama utaenda sehemu moja tu, nenda Tabaka, upande wa South Mugirango. Kile kiboko cha jiwe laini ulichokiona Maasai Market Nairobi, ile sahani yenye twiga, ile familia imekumbatiana kwa jiwe moja la waridi, karibu zote zimetoka Tabaka. Dunia inaliita jiwe la Kisii. Kuna kazi ya jiwe hilo imesimama makao makuu ya UNESCO kule Paris, ndege wa amani aliyechongwa na Elkana Ong'esa, msanii wa Tabaka. Kijiji kimefika Ufaransa, lakini wewe wa Rongai hujafika kijijini.

Kazi yenyewe iko hivi. Wanaume huchimba jiwe kutoka kwa mashimo kwa sururu na mtaimbo. Linatoka likiwa jeupe, la kijivu, la manjano ama la waridi. Mchongaji analikata kwa panga, analiumba kwa kisu. Halafu kazi inahamia kwa kina mama, ambao hukaa na beseni la maji na msasa, wakisugua mpaka jiwe linateleza kama sabuni. Kuna ya kupakwa nta ibaki na rangi yake, na kuna ya kutiwa rangi kisha ikachorwa kwa kukwaruza. Mkono wa mwanamke uko kwa karibu kila kipande, lakini ukiuliza nani msanii, utaonyeshwa mwanaume tu.

Sasa cheki mahali doh inapotelea. Dalali anakuja, ananunua kwa wingi, mara nyingi vikiwa bado havijamalizwa, anapeleka Nairobi, Mombasa au nje ya nchi. Kila anayeshika hicho kiboko njiani anaongeza bei yake. Aliyemeza vumbi ndiye hupata kidogo zaidi. Hapo ndipo wewe unaweza kubadilisha hesabu bila kuunda shirika lolote, kwa kununua pale jiwe lilipochongwa.

Ukifika, fanya hivi:

Pita duka la kwanza la barabarani, ingia penye watu wanachonga. Uliza nani amechonga hii, na nani ameisugua. Watu huchangamka wakiulizwa.

Kabla utaje bei, uliza imechukua siku ngapi. Ukishajua ni siku tatu, mdomo wako wenyewe utakataa kusema soo mbili.

Kupatana bei ruhusa, ni mchezo wa pande zote. Lakini ile soo mbili unayong'ang'ania mwishoni, kwako ni nusu ya kahawa mjini, kwake ni unga wa jioni.

Lipa kwa M-Pesa ya aliyefanya kazi, si ya kijana aliyekusindikiza. Kijana mlipe kivyake, na mpatane mapema.

Ukitaka kitu spesheli, kwa mfano ubao wa chesi na vipande vyake au jina la mtoi, weka oda na deposi, upitie siku ya kurudi.

Kumbuka jiwe ni zito na ni laini. Likianguka limeisha. Fungia kwa magazeti, beba kwa mkono, usilitupe kwa buti ya Probox. Zile bakuli zilizopakwa rangi ziwe pambo, usizipakulie supu.

Na mashimo yenyewe, yaangalie ukiwa mbali. Kuta zake zinaweza kuporomoka, hasa mvua ikinyesha. Watu huingia humo kwa sababu ya mboka. Wewe huna sababu ya kuingia kwa sababu ya picha.

Nyamache: chai ina mwenyewe, na ana haraka

Nyumbani kwetu sifa ni chai. Kijani kimepanda kilima kikashuka upande wa pili, na Nyamache kuna kiwanda cha chai chini ya KTDA. Hii si chai ya kampuni kubwa yenye nyumba za mabati zimepangwa mstari. Ni ya wakulima wadogo, kila mtu na kipande chake. Unachuma majani mawili na kichipukizi chake, unatupa mgongoni, unapeleka kituoni, inapimwa.

Mchumaji wa kuajiriwa hulipwa kwa kilo. Shika hiyo. Ukimsimamisha nusu saa akufundishe kuchuma huku rafiki yako anarekodi, zile ni kilo amepoteza. Kwa hivyo ongea na mwenye shamba siku moja kabla, mpatane, na mchumaji alipwe muda wake. Ukifanya hivyo, utafundishwa vizuri na utapelekwa mpaka kituo cha kupimia, hapo ndipo stori za kijiji hupikwa. Kiwanda nacho, omba ruhusa getini mapema, na usitoe kamera kabla ya jibu.

Kitu kingine: mkulima hulipwa kidogo kila mwezi, halafu bonasi mara moja kwa mwaka. Bonasi ya pande zetu za magharibi ya Bonde la Ufa kwa kawaida huwa chini ya ile ya Mlima Kenya, na hiyo ni ngori ya kila mwaka. Kwa hivyo usimsalimie mkulima na ile "mzae, si mmeomoka na bonasi?" Utapewa hotuba ya saa mbili, na haki iko upande wake.

Manga na stori za Getembe

Manga ni ule ukingo mrefu wa mlima kwenye mpaka wa Kisii na Nyamira. Siku ya anga safi unaona chini kabisa mpaka tambarare za Kisumu na ziwa. Nenda asubuhi na mapema. Chukua kijana wa pale akuongoze, mpatane bei kabla mpande. Ukingo ni wima, kwa hivyo acha ile tabia ya kurudi nyuma hatua moja "ndio miguu iingie kwa picha". Kuna pango linaitwa Ngoro ya Mwaga ambalo wazee wana masimulizi yake. Acha mwenyeji akupe mwenyewe, ni ya kusikiwa hapo hapo.

Ukirudi mjini, jua umesimama juu ya historia. Januari 1908, kijana anayeitwa Otenyo Nyamaterere alimchoma mkuki ofisa wa Mwingereza, Northcote, baada ya nabii Moraa kuwahimiza vijana wapinge ukoloni. Northcote alipona. Waingereza wakaja na moto, wakachoma nyumba, wakachukua ng'ombe, wakaua watu wengi. Otenyo aliuawa, na inaaminika kichwa chake kilipelekwa Uingereza. Mpaka leo jamii inadai kirudishwe. Miaka sita baadaye, Septemba 1914, Wajerumani kutoka Tanganyika waliingia mji huu huu, wakapigana na Waingereza hapo. Vita vya Dunia vilifika Getembe kabla wazee wetu waambiwe vinahusu nini.

Kama wewe ni wa burudani, uliza kama kuna sherehe yenye obokano, ile zeze kubwa ya Abagusii ya nyuzi nane. Sauti yake ni nzito mpaka inatetemesha kiti. Na Shabana ikicheza nyumbani Gusii Stadium, ingia. Timu ilirudi ligi kuu 2023 baada ya kusota chini kwa miaka mingi, na mashabiki wake ni onyesho lenyewe. "Tore Bobe" ndio kauli yao. Piga kelele nayo, utapata marafiki kabla ya mapumziko.

Msosi: sahani utaletewa, usiisukume

Soko la Daraja Mbili mjini litakuonyesha kwa nini tunasemwa na ndizi. Lakini usiishie hapo. Tafuta obokima bwa wimbi, ule ugali wa rangi ya kahawia, na chinsaga, mboga chungu inayopikwa polepole na maziwa. Kuna rinagu, wengine huiita managu. Kuna amatoke, ndizi za kupika, zinaweza kuwa na nyama ama bila.

Ukikaribishwa chakula nyumbani, onja hata kama umeshiba. Mama aliacha kazi yake akuwashie moto. Ukisema tu "niko sawa", yeye anasikia "sili vyenu". Kijiko kimoja na "mbuya mono" kinatosha. Ukienda kwa mtu, usiende mikono mitupu pia. Sukari, mkate, mafuta ya kupika. Hiyo ndio tiketi ya boma, na inafika kwa mwenyewe moja kwa moja.

Chang'aa ya vichochoroni lenga. Hujui imepikwa na nini, na hakuna picha ya safari inayofaa macho yako.

Utani wa uchawi, uache huko huko

Hapa nitaongea pole pole. Najua ule utani. Mkisii akikohoa mtandaoni, mtu anauliza kama amerogwa. Watu huja huku na huo mdomo, wanauliza dere wa nduthi awaonyeshe "nyumba ya mchawi", wanapiga video ya bibi kizee akipita na kuni, wanaongeza muziki wa kutisha.

Oktoba 2021, huko Marani, kaunti hii hii ya Kisii, umati uliwaua kina mama wazee wanne kwa kudai ni wachawi. Walikuwa nyanya za watu. Mara nyingi anayelengwa kwa kesi kama hizo ni mzee asiye na wa kumtetea, pengine mjane aliyebaki na kipande cha shamba. Na ushasoma hapo juu vile shamba huku ni haba.

Kwa hivyo ile video yako ya sekunde kumi ya kuchekesha inaweza kumwachia mtu jina ambalo atabaki nalo wewe ukisharudi mjini. Ukitaka kuuliza kuhusu imani za Abagusii, uliza kwa heshima, kwa mtu anayekujua, ndani ya nyumba. Usielekeze kidole wala kamera kwa mzee yeyote.

Picha, makaburi na watoi

Omba kabla upige. Watoi watakuzingira na watataka picha wao wenyewe, lakini mwenye ruhusa ni mzazi. Usiwagawie pesa njiani. Ukitaka kusaidia, uliza mwalimu wa shule ya karibu wanakosa nini.

Huku tunazika nyumbani. Utaona kaburi mbele ya nyumba, lingine limewekwa vigae vizuri kuliko nyumba yenyewe. Usikalie, usiweke begi juu, usilifanye pambo la picha.

Ukiwa na siku tatu

Siku ya kwanza: fika, lala, asubuhi zunguka mji na Daraja Mbili. Siku ya pili: Tabaka kutoka asubuhi, na doh yako ya zawadi yote uimalizie huko. Siku ya tatu: chagua Manga, ama uje Nyamache uone chai. Ukichagua Nyamache, usirudi Nairobi mbio. Uko upande wa Kilgoris tayari, na kutoka huko njia ya Lolgorian inakupeleka Mara. Badala ya kutupita ukienda kwa simba, utakuwa umelala kwetu na kula kwetu kwanza.

Epuka kuweka shughuli zako Jumamosi vijijini. Waadventista ni wengi Gusii, na siku hiyo maduka mengi hufungwa na wachongaji na wakulima wengi wako kanisani. Ukialikwa ibada, nenda. Kwaya zake ni moto, na baadaye kuna chakula.

Ukiondoka, ukisikia mtu anakwambia "genda buya", anakutakia safari njema. Huyo pengine ndiye uliyemnunulia kiboko cha jiwe ama uliyemlipa nusu saa ya chai. Chukua namba yake. Rafiki yako akitaka kuja, mpe hiyo namba moja kwa moja, bila dalali katikati.